Shangazi, nikope seti mpya au nibaki na makochi ya marehemu mama mkwe?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tabata, Dar es Salaam. Binti yangu mkubwa amepata mchumba, na wazee wa kijana wametuma salamu kwamba baada ya wiki sita wataleta barua ya posa. Kinachoninyima usingizi ni sebule. Tuna makochi ya mbao ya watu saba tuliyoachiwa na marehemu mama mkwe. Mume wangu anasema ni mninga, yalitengenezwa Keko zamani. Sponji zimelala, ukikaa unagusa mbao. Kitambaa kimepauka, vanishi imebanduka, mguu mmoja wa nyuma una matundu ya wadudu na kochi moja linayumba. Binti aliniambia, "Mama, hivi watu wa watu ndio waje wakalie haya?" Nililia, Shangazi.*

*Nina laki tatu na nusu niliyopata kwenye kikoba. Kuna muuzaji ana seti ya kisasa, pesa taslimu ni 1,100,000, lakini anakopesha: natanguliza hiyo 350,000, halafu namlipa 40,000 kila wiki kwa wiki 30. Mume wangu hajui, na hataki hata kusikia makochi ya mama yake yakitoka. Nichukue, halafu nimweleze baadaye?*
*Mama Wanne, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera, kupata mchumba na wazee wakapiga hodi kwa utaratibu ni heri. Na pole kwa machozi. Neno la mtoto linauma kuliko la jirani.

Usichukue hiyo seti. Naliweka hili mbele kwa sababu najua muuzaji anakupigia simu kila siku. Tupige hesabu: 40,000 mara 30 ni 1,200,000. Ongeza 350,000 uliyotanguliza, unapata 1,550,000 kwa kitu ambacho mwenye taslimu anakibeba kwa 1,100,000. Ziada ni 450,000, na hiyo peke yake inazidi akiba yako yote ya kikoba. Isitoshe, wiki 30 ni karibu miezi saba. Hiyo ndiyo miezi ya vikao vya harusi, sare na kumwandaa binti. Kila wiki utakuwa unatafuta 40,000 ya makochi huku ukitakiwa mchango wa shughuli ya mwanao.

Halafu kuna mumeo. Unauliza kama umweleze baadaye, lakini hiyo baadaye haipo. Atajua siku ile ile kirikuu inaposhusha seti mlangoni, mbele ya majirani, na swali lake la kwanza litakuwa, "Ya mama yameenda wapi?" Kwake yeye ile si mbao tu, ni mama yake. Ukiyatoa kwa siri, tena kwa deni la siri, utampokea mkwe kwenye sebule mpya huku mwenye nyumba amenuna chumbani. Mweleze leo au kesho, watoto wakiwa wamelala, na mwoneshe hesabu hiyo hiyo niliyokuandikia. Usianze na ubaya wa makochi. Anza na kwamba unataka makochi ya mama yapendeze siku ya posa ya mjukuu wake. Sidhani kama kuna mwanamume atakayekataa maneno hayo, na huenda hata kazi ya kupiga msasa akaifanya mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mbao, maana hapo ndipo una mali usiyoijua. Geuza kochi juu chini, tafuta sehemu isiyopakwa kitu, ikwangue kidogo kwa kisu. Ukiona rangi ya kahawia ya dhahabu inayoelekea wekundu, mumeo hajakosea. Mninga ni mti ambao mafundi wanaugombea kwa sababu ukishakauka hautanuki wala haupindi hovyo, na sehemu ya moyo wake mchwa hawaipendi. Siku hizi unavunwa kwa kibali na bei yake haishikiki. Nenda Keko ukaulize kutengenezewa fremu kama hiyo kwa mninga wa kweli, utarudi nyumbani na heshima mpya kwa mama mkwe. Nyingi ya seti hizo za bei ya kati zimejengwa kwa mbao laini au mbao za vumbi la mbao lililobanwa, zimefunikwa sponji na kitambaa usione ndani. Mbao ya vumbi ikipata maji inavimba, na haitengenezeki tena. Yako inatengenezeka.

Yale matundu ya mguu wa nyuma yasikutishe kabla hujayachunguza. Kwenye mninga, wadudu hupenda ile mbao nyeupe ya nje ya gogo, na fundi akibana matumizi huiacha kwenye sehemu zisizoonekana, kama miguu ya nyuma. Gonga ule mguu, ufagie chini yake, tandika karatasi nyeupe, uiache siku chache. Unga mpya ukidondoka kwenye karatasi, wadudu wapo, na utahitaji dawa ya wadudu wa mbao, iingizwe tundu kwa tundu kwa bomba la sindano. Karatasi ikibaki safi, ni makovu ya zamani tu, yazibe. Kisha choma msumari mwembamba kwenye mguu. Ukizama kama kwenye sabuni, mpe seremala abadili mguu huo mmoja. Ukigoma, mbao ni nzima.

La kuyumba ni dogo sana. Gundi ya zamani imekufa, basi. Usikubali fundi apigilie msumari, maana utapasua mbao na baada ya mwezi kochi litayumba tena. Kiungo kifunguliwe, gundi kuukuu ikwanguliwe hadi mbao ionekane, ipakwe gundi ya mbao, kirudishwe, kisha kizungushiwe ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uvutwe kwa nguvu na kufungwa. Liache hadi kesho yake saa kama hizo, asikae mtu.

Pesa yako nyingi iende kwenye kukalia. Mgeni akikaa haulizi vanishi ya kampuni gani, anasikia kama mbao inamgusa. Theluthi mbili ya hiyo laki tatu na nusu iwe ya sponji, kitambaa na mshonaji. Na hapa kuna nafuu ambayo wengi hawaioni: sponji za mgongo huwa hazichoki kama za kukalia. Zitoe, zianike kivulini upepo uzipite, uzibonyeze. Zikirudi zenyewe, zishone foronya mpya tu. Unanunua sponji saba badala ya kumi na nne.

Wala usinunue sponji moja moja. Pima mito yako. Kama ni sentimita 50 kwa 50, nunua godoro moja gumu la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 4. Lina takriban sentimita 152 kwa 183, kwa hiyo linatoa vipande tisa. Saba ni vya makochi, viwili vinabaki kwa stuli. Dukani usidanganywe na ngozi ya godoro. Beba mawili ya ukubwa mmoja, na zito zaidi ndilo lenye sponji iliyoshiba. Bonyeza kwa ngumi, uachie. Linalorudi taratibu na kuacha shimo, liache huko huko. Foronya ishonwe ndogo kwa sentimita moja kuliko sponji, ndipo mto unakaa umejaa bila mikunjo, na iwe na zipu nyuma, uweze kuvua na kufua.

Kitambaa chenye upana wa mita 1.4, mto mmoja wa ukubwa huo unakula kama sentimita 70. Mito kumi na nne, basi, ni karibu mita 10, chukua 11 kwa usalama. Zunguka Kariakoo uulize mabaki ya jora, maana vipande vya mita kumi na kitu vinavyobaki mwisho wa jora mwenye duka anataka vitoke. Najua macho yako yatakimbilia mahameli. Yanang'aa, sikatai, lakini kwa joto la Dar yanachemsha, yanashika vumbi, na nyoya zake zinataka mito yote ikatwe kuelekea upande mmoja, kwa hiyo kitambaa kingi kinapotea. Chukua pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, ya rangi iliyotulia: kijani cha jani kavu, buluu iliyoiva au kahawia, kwani mbao za mninga zinapendeza na rangi hizo. Kabla ya kununua mita zote omba kipande kidogo, kiloweshe, kisugue na kitambaa cheupe. Kikitoa rangi, utakuja kuomba radhi kwa kanzu nyeupe ya mzee wa watu. Na pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, ili ikisinyaa, isinyae kwenye beseni na siyo kwenye mto.

Mpe binti kazi ya kuchagua hicho kitambaa. Mwende naye. Neno lake lilikuwa kali, lakini nalisikia kama hofu ya msichana anayeingia kwenye ukoo wa watu asiowajua, anaogopa kudharauliwa. Akishachagua mwenyewe na kubishana bei mwenyewe, sebule itakuwa yake pia. Mwambie na hili: wazee wanaoleta barua ni wachache, mshenga na watu wawili watatu, na wanachoangalia ni jinsi walivyopokelewa na jinsi watu wa nyumba hiyo wanavyosikilizana. Viti saba vinatosha. Akina mama wakiongezeka, mikeka ipo, na viti vya plastiki kwa jirani havikosekani.

Vanishi nayo inataka subira kuliko pesa. Osha mbao kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na kitambaa kiwe kimekamuliwa, siyo kuchuruzika. Kwenye mikono ya makochi, ambako jasho na mafuta ya nywele yameganda miaka yote hiyo, pitisha kitambaa chenye thina, la sivyo vanishi mpya haishiki. Kisha msasa: namba 80 pale palipobanduka, 120 kote, mwisho 240. Daima fuata nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kukata nyuzi, mikwaruzo itajitokeza chini ya vanishi na hakuna wa kuifuta. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha kifua na pua, na watoto wadogo wakae mbali. Kama kuna kochi au kabati lililowahi kupakwa rangi ya zamani, usilipige msasa mkavu, kwani rangi za miaka ya nyuma nyingine zina risasi. Tumia msasa wa maji, na ule uchafu uufute wote.

Ukifika kwenye mkono wa kochi ambao mama mkwe alikuwa akiegemea, utauona, umelika kidogo na umeiva kuliko mwingine. Ulainishe, lakini usiujaze poda ya mbao ulingane na mwingine. Mumeo atautafuta.

Mkono wa kwanza wa vanishi uwe mwepesi, uliochanganywa na thina kidogo kama kopo linavyoelekeza, uingie ndani ya mbao. Kesho yake upitishe msasa wa 240 kwa wepesi, ufute vumbi, upake wa pili. Kwenye mikono ya makochi ongeza wa tatu. Chukua vanishi isiyong'aa sana, kwa sababu ile ya kung'aa kama kioo inaonesha kila kovu. Fanya kivulini jua likiwa limeshapanda. Siku ya mvua acha kabisa, hasa masika, maana unyevu unaikawiza kukauka na inaweza kuweka ukungu mweupe.

Vile vitambaa vya kufuma vya kuweka kwenye mgongo wa kochi, vifue, uvipige pasi, urudishe viwili vitatu vilivyo vizima. Vilivyochanika viache. Meza ya kati ipate vanishi hiyo hiyo itakayobaki kwenye kopo, na pazia kama ni safi lisiguswe, usije ukaanza kutafuta za kulingana na kitambaa pesa ikaishia huko.

Kuhusu muda, wiki sita zinatosha usipolala. Wiki ya kwanza zungumza na mumeo na uite seremala. Mbili zinazofuata ni za msasa na vanishi, kochi moja baada ya jingine, ili msikae chini wote. Wakati huo mito iwe kwa mshonaji, na mpe tarehe ya wiki ya nne, kwa sababu mafundi cherehani tunawajua. Mkono wa mwisho wa vanishi uwe umekauka angalau wiki mbili kabla ya wageni, madirisha wazi mchana kutwa ili harufu iishe. Mito mipya usiipange siku hiyo hiyo unayoona mbao imekauka kwa juu. Ipe siku kadhaa, vinginevyo uzito wa mtu unakibana kitambaa kwenye vanishi ambayo bado mbichi kwa ndani, na siku ya kuvua foronya utakuta imeng'ang'ania.