Namba nyekundu iliyoninyima usingizi siku tatu

Mimba yangu ya pili, majibu ya damu yalirudi na mstari mmoja umepigwa alama nyekundu: AFP, protini inayopimwa kwenye damu ya mjamzito, mara 2.6 ya kiwango cha kati cha wajawazito wa wiki ileile. Muuguzi akaniambia nirudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilichofanya unakijua: nikashika simu, na kufika saa nane usiku nilikuwa nimeshajipa saratani ya ovari, yaani mfuko wa mayai.

Jumatatu daktari aliniuliza jambo moja tu. Tarehe ya hedhi ya mwisho, una uhakika nayo? Sikuwa nao. Ultrasaundi ikaonyesha mimba ina wiki 19, si 16. AFP hutoka hasa kwenye ini la mtoto, na katika miezi ya kati hupanda kila wiki. Walipokokotoa upya kwa wiki sahihi, ile alama nyekundu ikafutika.

Yaliyonitisha mtandaoni hayakuwa uongo. AFP na hCG (homoni ya mimba) kweli hutumika kufuatilia saratani zinazoanzia kwenye chembe za mayai, ambazo huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Inhibini, homoni nyingine, hutumika kwa uvimbe wa granulosa, aina mojawapo ya uvimbe wa ovari. Lakini mjamzito anavyo vyote hivyo kwa wingi akiwa mzima kabisa, maana kondo la nyuma lenyewe linatengeneza hCG na inhibini. Hata CA-125, protini nyingine ya damu inayotumika kufuatilia saratani ya ovari, hupanda miezi mitatu ya kwanza. Mimi niliomba nipimwe hiyo pia, "tuwe na uhakika tu". Daktari akakataa, nikanuna. Leo namshukuru.

Baadaye nilisoma utafiti wa Ufini, nchi iliyoanza kuhifadhi damu ya wajawazito mwaka 1983. Watafiti waliirudia damu ya wanawake waliokuja kuugua saratani adimu za ovari baada ya kujifungua. Waliopata zile za tishu zinazotengeneza homoni walikuwa na testosteroni, homoni ya kiume, ya juu zaidi tangu mwanzo wa mimba, kuliko wenzao wasiougua. Wagonjwa hao hawakufika hata 50. Huo ni mwanga kwa watafiti. Kwako wewe na karatasi yako haubashiri chochote.

Kwa hiyo, dada, kabla hujalia uliza namba imehesabiwa kwa wiki ngapi, na kama mtoto ni mmoja au mapacha. Karatasi usitupe, piga picha. Ukiambiwa kuna uvimbe wa maji kwenye ovari, mwingi wa aina hiyo huisha wenyewe kufikia wiki ya 16 hivi. Usipoisha, fuatilia hata baada ya kujifungua.

Na zipo dalili za saratani ya ovari zisizohitaji namba: tumbo kujaa bila sababu, kushiba kwa vijiko viwili, maumivu ya nyonga yasiyokoma. Ukiona ndevu zinaota au sauti inakuwa nzito, mjamzito au la, usingoje tarehe ya kliniki.