Fundi kaniambia thamostati ni ya nchi za baridi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina pikapu ya dizeli ya mwaka 1991, ya marehemu baba. Napakia ndizi Kibosho nashusha Moshi mjini. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, mshale wa temprecha haunyanyuki kabisa, asubuhi inatoa moshi mweupe mpaka majirani wanafunga madirisha, na dizeli inakwisha upesi. Kijana wa gereji anasema tutoe thamostati tuitupe, eti ni ya nchi za baridi. Nifanyeje?
Mpakia Ndizi, Kibosho

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiitupe tu ukaishia hapo. Thamostati ni ile valvu inayozuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

Hiyo habari ya nchi za baridi nimeisikia tangu naanza kushika spana, na niliiamini. Niling'oa thamostati ya mteja wa Marangu, akapanda mlima na mzigo, gari likachemsha, gasketi ya hedi ikaungua. Kumbe thamostati ile ilikuwa na kisahani cha pili kwa chini, kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, maji mengi yanajizungukia ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Ile hedi niliilipa mimi, kidogokidogo.

Yako nahisi imenasa ikiwa wazi, ndiyo maana injini haipati moto wake na dizeli haiungui vizuri. Hakikisha kesho alfajiri: washa, halafu shika mpira wa juu wa rejeta, mkono na shati mbali na feni. Thamostati nzima huuacha mpira baridi dakika kadhaa, kisha joto linakuja kwa mpigo. Ukiwa vuguvugu polepole tangu mwanzo, jibu umepata.

Nunua yenye namba ileile iliyogongwa kwenye ya zamani. Nyingi ni 82, yaani inaanza kufunguka nyuzi joto 82. Ila usiifunge kabla hujaipika! Banisha uzi kwenye mdomo wa valvu, ining'inize ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, washa jiko. Maji yakikaribia kuchemka inatakiwa iachie uzi na kuanguka yenyewe. Huko kwenu mlimani maji huchemka kabla ya nyuzi 100, lakini 82 yanaivuka vizuri tu. Iking'ang'ania uzi mpaka maji yanatokota, irudishe dukani. Nimewahi kurudisha tatu siku moja.

Kazi yenyewe ni ndogo. Injini ikiwa baridi, mwaga maji, fungua kifuniko cha thamostati, kwangua gasketi kuukuu kwa wembe bila kuchuna aluminiamu. Kale kapini kanakochezacheza kwenye thamostati kakae juu, ndiko hewa inakotokea. Boliti kaza kwa zamu, usizivunje.

Kinachowaponza wengi ni hewa. Egesha pua ya gari ikitazama juu (Kibosho mteremko hauna shida), jaza kulanti (maji ya kupozea injini), acha injini iungurume mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, ongeza mpaka mapovu yaishe, ndipo ufunge. Baada ya hapo, injini ikiwa ya moto, usiufungue mfuniko huo.

Siku ya kwanza teremka mjini bila ndizi. Mshale ukae karibu na katikati na utulie. Gari likipoa, chungulia maji tena.