"Ration": ni posho, mgawo au makisio?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Natakiwa kuandika barua ya Kiingereza inayotaja makisio ya kila mkulima. Mwenzangu anasema makisio ni "ration", lakini kamusi yangu inasema "ration" ni posho. Nishike lipi? Na neno hili asili yake wapi?
Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Usiandike "ration", maana barua itasomeka kama wakulima wanaomba chakula. Makisio ni "quota", yaani kilo alizopangiwa mkulima kulima na kuuza msimu huo. "Ration" ni fungu lililopimwa la kitu kisichotosha, ambalo mtu hupewa limfikishe siku au wiki fulani.

Kamusi yako haikukosea. Posho ndiyo iliyohama. Wapagazi wa Kinyamwezi walipewa posho ya nafaka, kwa kawaida kibaba kimoja kwa siku, yaani robo ya pishi. Hiyo ni "ration" hasa. Posho ya kikao ni fedha, nayo huitwa "allowance".

Asili yake ni Kilatini, "ratio", maana yake hesabu. Wafaransa wakalitumia kwa chakula cha askari cha kila siku, na Waingereza wakalichukua kwa maana hiyo mwanzoni mwa karne ya 18. Hesabu haijatoka ndani yake: chakula kilichogawiwa bila kupimwa si "ration". Wakati wa vita, Uingereza ilianza kuuza sukari, siagi na bekoni (nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi) kwa vitabu vya kuponi tarehe 8 Januari 1940, na nyama ndiyo iliyofunguliwa mwisho, Julai 1954.

Wengi huteleza kwenye umbo la neno. Mgao wa umeme ni "power rationing", kwa sababu ni kitendo kinachoendelea; "power ration" ni ule umeme anaopata mtu mmoja. Chakula cha mgawo chenyewe huwa wingi, "rations". Wanakijiji wakiwekewa kikomo cha lita 40 za maji, andika "They were rationed to 40 litres a day", usisahau "to". Na "ratio" bila n ni uwiano, kama 3:1.

Barua yako basi iseme "The member's quota for this season is", kisha kilo kwa tarakimu. Msimu utaje kwa miaka yake, kwa kuwa makisio ya mwaka jana si ya mwaka huu.