Kinyongo ni nini, na neno lenyewe limetoka wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kinyongo kinatofautianaje na hasira au chuki, na neno hilo lina asili gani. Maana yake huonekana vizuri zaidi katika vitenzi linavyoandamana navyo. Hasira hupanda na kushuka, na mtu hushikwa nayo ghafla. Kinyongo hakimshiki mtu, bali yeye mwenyewe ndiye anayekiweka moyoni, na aweza kukaa nacho miaka mingi huku akisalimiana vyema na aliyemkosea. Chuki si lazima iwe na sababu, kwani kuna watu huchukia hata wasiowajua, ilhali kinyongo hakikosi kisa: urithi uliogawanywa kwa upendeleo, posa iliyokataliwa kwa dharau, deni lililokanwa mbele ya watu. Kisasi, neno tulilolitohoa kutoka Kiarabu, ni tendo la kulipiza, na mwenye kinyongo huenda asilipize kamwe.

Kuhusu asili, sauti yaweza kumpeleka mtu kwenye kitenzi kunyonga, lakini mimi naamini mzizi ni nyongo, yale maji machungu yanayohifadhiwa katika kifuko chini ya ini. Kinachonishawishi zaidi ni neno kijicho, ambalo kwa kiambishi kile kile cha ki- limegeuza jicho kuwa jina la husuda; kinyongo kimefuata njia hiyo hiyo, kutoka kiungo cha mwili hadi hali ya moyo. Nyongo yenyewe ni neno la Kibantu, na Wazulu na Waxhosa huiita inyongo. Kiarabu kilitupa safura, ambalo asili yake ni jina la nyongo ya manjano katika tiba ya kale, nasi tukalifanya jina la maradhi tu; uchungu wa moyoni tukauachia neno letu wenyewe. Hata leo magazeti huandika kwamba fulani ametema nyongo, yaani ametoa ya moyoni bila kuficha, na jambo lililoharibika husemwa limetumbukia nyongo, maneno ambayo yeyote aliyewahi kupasua kifuko hicho akichinja kuku huyaelewa mara moja.

Kwa sababu hiyo naona kusema "nimekubali bila kinyongo" ni kuzito kuliko kusema "nimekubali": msemaji anaahidi kwamba jambo halikubakia ndani yake, na hapo mwenzake ana haki ya kumdai ahadi hiyo siku zijazo.