Kumtafuta babu aliyekuwa askari wa Vita ya Pili: haya yajue kabla hujanunua kipimo cha DNA

Wanaoanza hii kazi wengi wanakuja na jina moja tu waliloambiwa na bibi, "alikuwa anaitwa Joni, mzungu wa jeshi", na swali lao la kwanza ni nipime DNA wapi. DNA utapima usijali, ila kabla ya hapo kuna kazi ya kukaa chini na wazee na kalenda, na hiyo ndo inaamua kama utafika au utazunguka miaka na miaka. Nimesaidia familia kadhaa hapa Kenya, nyingi za Bonde la Ufa na chache za pwani, ambazo mama au baba mzee alizaliwa wakati wa vita au mara tu baada ya vita na baba yake hajulikani zaidi ya kwamba alivaa magwanda, kwa hiyo naandika nilichokiona kinafanya kazi.

Jina liweke pembeni kwanza. Wengine walitoa jina la utani, wengine la uongo kabisa, na hata la kweli bibi alilisikia kwa sikio la lugha yake halafu likapita midomo ya watu kwa miaka themanini. Shika mahali na wakati. Askari hajiamulii aende wapi, anakwenda kikosi kinakopelekwa, kwa hiyo ukijua bibi alikuwa anaishi wapi na mimba iliingia karibu mwezi gani tayari umeshapunguza watu kutoka maelfu kwa maelfu mpaka vikosi vichache.

Shida ni kwamba tarehe ya kitambulisho mara nyingi ilikadiriwa tu na karani, ukiona tarehe 1 mwezi wa kwanza usiiamini. Tafuta daftari la ubatizo kanisani, na kama hakubatizwa mdogo uliza kwa matukio. Kwa Wakikuyu kwa mfano njaa ya mihogo ya 1943, Ng'aragu ya Mianga, wazee wanaikumbuka vizuri sana au walisimuliwa na mama zao, muulize mzee alizaliwa kabla ya hiyo njaa au baada, uliza mtoto wa jirani aliyemfuata ni nani na ana miaka mingapi. Ukipata hata msimu tu inatosha, rudi nyuma miezi tisa uweke alama.

Sasa angalia nani alikuwepo. Kati ya 1940 na 1941 Kenya ilijaa wanajeshi wa kwenda kupigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia, na hawakuwa Waingereza tu. Kulikuwa na Waafrika Kusini wengi, Gilgil ilikuwa kambi yao kubwa, na kulikuwa na brigedi ya Nigeria na ya Gold Coast, yaani Ghana ya leo, kwa hiyo babu "mgeni wa jeshi" anaweza kuwa mtu wa Kumasi na watu wengi hata hilo hawaliwazii. Hao Waafrika Kusini walishaondoka kwenda Ethiopia na baadaye Misri ndani ya 1941, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Gilgil 1944 usianze nao. Mombasa ni hadithi nyingine, baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee mwezi wa nne 1942 meli za kivita za Uingereza zilihamia Kilindini, mtoto wa Mombasa wa 1943 mtafute baharini kwanza, na vitabu vya safari za meli kubwa kati ya hizo vipo The National Archives, hifadhi ya nyaraka za Uingereza iliyoko Kew, London, kundi la ADM 53, vinaonyesha siku kwa siku meli ilikuwa wapi. Halafu kuna mateka wa Kitaliano, makumi ya maelfu, waliokaa kambi za Naivasha, Nanyuki, Nyeri, Londiani na kwingine kuanzia 1941 mpaka walipoanza kurudishwa kwao vita ilipoisha. Hawa hawakufungiwa ndani muda wote, walifanya kazi mashambani na barabarani, lile kanisa dogo la Mai Mahiu unalolipita ukishuka Bonde la Ufa walilijenga wao.

Kama kuna picha au medali nyumbani, ziangalie kwa makini. Picha ya askari mwenye kitambaa kidogo chenye rangi tofauti kwenye bega pale kamba ya bega inapokaa, huenda ni Mwafrika Kusini aliyeapa kupigana nje ya nchi yake, kilikuwa cha rangi ya machungwa ila kwenye picha nyeusi na nyeupe utaona kistari tu. Kichwa cha kifaru, yule mnyama, kwenye mkono wa shati ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioenda Burma. Medali ya Vita ya Pili igeuze usome ukingoni, Waafrika Kusini walichongewa namba na jina, za Uingereza zilitolewa tupu, kwa hiyo usijisumbue na lenzi kutafuta jina ambalo halikuwahi kuwekwa.

Makaratasi yapo ya aina mbili. Faili la mtu binafsi huwezi kuliomba kama huna jina na tarehe ya kuzaliwa, ya jeshi la Uingereza yamekuwa yakihamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda Kew tangu 2022, ya Afrika Kusini yapo kwenye kumbukumbu za jeshi Pretoria, na ya Waitaliano unaandika kwa Archivio di Stato, yaani hifadhi ya nyaraka za serikali, ya mkoa aliozaliwa uombe ruolo matricolare, rekodi ya utumishi wake jeshini. Shajara za vikosi, yaani daftari la kila siku la kikosi, ndo unaweza kuanza nazo bila jina, zipo Kew, kundi la WO 169 kwa vikosi vilivyokuwa Afrika Mashariki na WO 172 kwa Burma. Zinataja maofisa kwa majina, askari wa kawaida mara chache sana, lakini zinakuambia kikosi kililala wapi tarehe gani na ndicho unachotaka kwa hatua hii.

DNA sasa. Mpime aliye karibu zaidi na huyo askari, yaani mtoto wake kama yupo hai, hata kama wewe mjukuu ndiye unayelipa, kwa sababu mama ana nusu ya DNA ya baba yake na wewe una karibu robo, kitukuu ndo mmoja kwa nane. Msimwahirishe mzee. Na mueleze vizuri kinachoweza kutokea, aseme ndiyo yeye mwenyewe. Ukishapata majibu ramani ya makabila na asilimia isikupe presha, inakuonyesha upande tu, fungua orodha ya ndugu wa DNA. Wanapimwa kwa sentimogani, kipimo cha kiasi cha DNA mnachoshiriki, wanaandika cM, ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali huwa karibu 1,750, binamu wa kwanza karibu 870, wa pili karibu 230, namba zinapanda na kushuka lakini ndo picha yenyewe. Pakua faili la DNA uliweke na GEDmatch pia, tovuti ya kulinganisha watu waliopima kampuni mbalimbali, kila kampuni ina watu wake.

Baba akiwa mzungu kazi inarahisika kidogo maana ndugu wote wa Kizungu kwenye orodha ni wa upande wake. Akiwa Mwafrika huna hiyo bahati, inabidi umpime pia ndugu yake mzee wa mama mmoja baba mwingine, wale wanaofanana na wote wawili ni wa upande wa bibi, unawatoa, waliobaki ndo wa kuanza nao, ingawa baadhi wanaweza bado kuwa wa upande wa bibi.

Mama mmoja wa upande wa Naivasha, kwao wote walijua baba ni Mwingereza. Majibu yakaja nusu Italia. Ndugu wa juu kabisa alikuwa mwanamke wa Argentina, 261 cM, hana mti wa ukoo, ana majina ya babu na bibi tu. Tulichofanya ni ile njia ya rangi ya mtafiti wa koo Dana Leeds, unachukua ndugu wa kati ya 90 na 400 cM, wanaofanana wao kwa wao unawapa rangi moja, tukapata makundi, na kundi moja miti yao ilikutana kwa mume na mke wa kijiji kimoja cha Veneto, kaskazini mwa Italia. DNA ilikuwa imetupa ukoo na haikuweza kutuambia ni kijana yupi wa ukoo huo. Watoto wao wa kiume walikuwa watatu, makaratasi ya jeshi yakaonyesha mmoja alipelekwa Ugiriki, wa mwisho alikuwa bado mtoto, na wa kati alitekwa Ethiopia 1941, akawekwa Kenya, akarudi 1946. Binti yake aliye hai akakubali kupima, ikaja 1,690. Mama alilia, na mimi pia.

Kama unamtafuta babu wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, aliyeenda Burma au Madagascar asirudi, jua mapema kwamba Waafrika waliopima ni wachache kwa hiyo orodha itakuwa fupi na ya ndugu wa mbali. Huyu anza na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, utafute kwa jina moja moja na kwa tahajia zote unazoweza kuwaza, karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Meli ya Khedive Ismail iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ilikuwa na askari wetu wengi wa mizinga, na wamo kwenye mnara wa makaburi ya vita Ngong Road, Nairobi. DNA hapa itumie kulinganisha, familia mbili zinazodhani zina babu mmoja wapime wote, wajukuu wa babu mmoja bibi mbalimbali wataonyesha karibu 450 cM.

Ukimpata ndugu, ujumbe wa kwanza uwe mfupi. Sema wewe ni nani, mnafanana cM ngapi, unatafuta ndugu wa miaka ya 1940 aliyekuwa Kenya, na kwamba hutafuti mali. Usimwandikie mtu kwa mara ya kwanza kwamba baba yake aliacha mtoto Afrika, anaweza kuwa mzee na mama yake bado yupo hai. Na kwa bibi zetu vilevile, sio kila mimba ya wakati ule ilitokana na mapenzi, akinyamaza muache anyamaze. Ukikosa jibu miezi mitatu mwandikie mwingine wa kundi hilohilo la rangi, mara nyingi binamu wa pembeni ndiye mwenye hamu ya mambo ya ukoo na ndiye aliyetunza picha.