Unaanza kusoma historia ya barabara za milimani? Shuka kwanza korongoni

Ninyi mnaoanza kusoma historia ya barabara za milimani, nawaomba jambo moja: msikimbilie kileleni. Mimi nilikimbilia. Kazi yangu ya kwanza ilihusu kipito cha Gotthard nchini Uswisi, nikajaza kurasa nzima kwa kimo chake cha mita 2,106 na theluji inayoifunga barabara kila majira ya baridi. Mwalimu wangu aliisoma yote, kisha akaniuliza swali moja tu: zamani, watu wa Andermatt, kijiji kilicho chini ya kipito upande wa kaskazini, walikuwa chini ya nani?

Sikuwa na jibu. Nilipotafuta nikakuta kwamba bonde lao, Urseren, lilikuwa milki ya monasteri ya Disentis, iliyo mashariki, ng'ambo ya kipito cha Oberalp chenye mita 2,044. Yaani mabwana zao walikuwa upande wa pili wa mlima, ilhali kijiji cha Göschenen kipo kilomita chache tu chini yao, kaskazini! Sababu ni korongo la Schöllenen. Hapo mto Reuss umeikata graniti ukaacha kuta zilizosimama wima, pasipo hata pa kukanyaga.

Basi kilichoizuia Gotthard kwa karne nyingi kilikuwa korongo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 13 watu waliweka daraja la mbao juu ya Reuss na kuning'iniza njia ya mbao ubavuni mwa genge, na tangu hapo kipito kikawa njia kuu ya kwenda Italia. Daraja la mawe lilifuata mwaka 1595. Mwaka 1708 Pietro Morettini alimaliza kutoboa mwamba kwa urefu wa mita kama 64, handaki la kwanza la barabara katika Alps, na ile njia ya kuning'inia ikaachwa.

Wenyeji husimulia kwamba daraja lilijengwa na ibilisi kwa ahadi ya roho ya kwanza itakayovuka, nao wakamvushia mbuzi. Msiidharau hadithi ya namna hii. Si ushahidi wa ujenzi, lakini inaonyesha mahali ambapo watu waliona kazi imezidi nguvu za binadamu, na mahali hapo ni palepale panapobana kwenye ramani.

Kwa hiyo ukipewa ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa, fuata mto kabla ya barabara. Kontua zinapobanana pande zote mbili za maji, weka alama, kisha uliza watu walipitaje hapo kabla ya daraja. Upande wa kusini, kuelekea Airolo, utavutiwa na kona 24 za Tremola, barabara ya zamani ya kipito. Ni nzuri mno, lakini zinaeleza zaidi mahitaji ya magari ya farasi ya karne ya 19. Handaki la magari la mwaka 1980, kilomita 16.9, lina habari yake peke yake.

Ukijaliwa kufika, panda kwa miguu kutoka Göschenen. Utaliona daraja la 1830 na lile la magari la 1958. La 1595 lilianguka mwaka 1888. Simama hapo usikilize kishindo cha Reuss kabla hujafungua daftari.