Kwa mnaoanza uchumi: kabla ya grafu, uliza nani anabeba

Wadogo zangu mliochaguliwa kusoma uchumi mwaka huu, na nyie mlioanza juzi kazi za mipango halmashauri au kwenye taasisi za utafiti, naona maswali yenu ni yale yale, nijifunze Stata au R (programu za kompyuta za kuchambua takwimu), hesabu zangu za fomu siksi zitatosha, nianze na kitabu gani. Hayo majibu yake mtayapata tu. Mimi nataka niongelee kitu ambacho darasani kinapitwa haraka na kazini ndio kila kitu: ukisikia bei imepangwa, kodi imewekwa, ruzuku imetoka, usikimbilie kuchora mistari miwili inayokatana, ya mahitaji na ugavi. Uliza kwanza nani ataubeba huo mzigo, maana aliyeandikwa kwenye sheria mara nyingi sio yeye anayeubeba.

Chukua daladala za Dar. Mei 2022 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, walipandisha nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 kutoka 400 mpaka 500, Desemba 2023 ikawa 600. Mwanafunzi kabaki na 200 yake. Kwenye karatasi unasema safi, mtoto wa maskini kalindwa. Sasa nenda Mbagala au Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi umwangalie konda kaziba mlango na mkono, "wanafunzi wawili tu, wawili!", watoto wamevaa sare wanabaki pale pale gari la tatu la nne linapita. Watu wanasema konda ana roho mbaya, na wapo kweli wenye nayo, ila hebu jiweke kwenye nafasi yake. Gari sio lake, kuna tajiri anasubiri hesabu jioni na hesabu haiulizi leo ulibeba wanafunzi wangapi. Mafuta wanaweka wenyewe, faini za barabarani mara nyingi zinawaangukia wenyewe, kinachobaki ndio dereva na konda wanagawana. Kila nafasi aliyosimama mwanafunzi asubuhi ile gari imejaa, 600 ya mtu mzima toa 200 yake, hapo mia nne imeondoka. Kwa hiyo ile nafuu haikutoka hazina, imetolewa mfukoni kwa watu wawili waliochoka, na wao wakaisukuma irudi kwa mtoto kwa mlango mwingine, hela hiyo halipi lakini analipa kwa kusimama stendi na kukosa kipindi cha kwanza. Bei ikiwekwa chini halafu hakuna aliyefidiwa, foleni inazaliwa, na kwenye foleni anayechagua nani apande ni mwenye mlango. Hii ukiielewa vizuri kwenye daladala utaielewa kwenye kodi ya pango la nyumba, kwenye dawa za hospitali, kwenye mbolea, popote.

Mafuta nayo yafuatilie, na hapa nasema fuatilia kwa maana ya kufungua ile taarifa yenyewe, sio kusubiri mtu aposti picha ya bei. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo kituo hakiruhusiwi kuizidi, na ndani yake wameweka mchanganuo, mafuta yenyewe yamegharimu kiasi gani yalikonunuliwa, usafiri wa meli, bandari, afu ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta, tozo ya petroli, faida ya wauzaji. Angalia kitu kimoja ambacho wengi hawakioni: zile kodi kubwa kubwa zimewekwa kwa shilingi kwa kila lita, sio kwa asilimia. Maana yake bei ya dunia ikiporomoka, kodi inabaki imesimama pale pale. Aprili 2020 pipa la Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake ndio kipimo cha soko la dunia, lilianguka mpaka chini ya dola 20 wakati Januari lilikuwa zaidi ya 60, na petroli yetu ilishuka ndio, ila haikuporomoka kiasi kile, na watu wakawa wanauliza mbona wenzetu mafuta yamekuwa bure. Hakuna aliyeiba hapo, ni hesabu tu.

Kisha 2022 vita ya Ukraine ikaja, bei ikapaa, serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Hapo ndipo utaona kama wewe ni mtu wa kushangilia au mtu wa kuuliza. Ruzuku ya kwenye lita inamfuata anayechoma lita nyingi, mwenye V8 kapata kubwa kuliko bodaboda, hilo halina ubishi. Lakini lori linalotoa mpunga Mbeya linachoma dizeli nayo, kwa hiyo hata bibi asiyemiliki baiskeli alikuwa anaguswa. Mimi naona ilikuwa sahihi kwa muda mfupi na ingekuwa balaa kama ingezoeleka. Unaweza usikubali, ila ukija kubisha uje na nani anapata ngapi.

Na nauli ikishapanda hairudi. Mafuta yalishuka baadae, nyie mmewahi kuona daladala inarudisha hamsini?

Sasa tozo ya miamala, ile ya kutuma na kutoa hela kwa simu, hii nawaambia someni mpaka muimalize, maana hakuna kitabu cha kigeni kitakachowafundisha tabia ya mlipakodi kama ile. Ilianza Julai 2021, kutoka shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na ilikatwa ukituma na ikakatwa tena ukitoa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya maana kabisa, vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Aliyekaa ofisini akiangalia wingi wa miamala aliona hela ipo pale inapita tu kila siku. Ila sisi tunajua namna hela inavyotumwa hapa kwetu: mtoto wa mjini akimtumia mama kijijini anaweka na ya kutolea. Kwa hiyo pande zote mbili zilimwangukia mtu mmoja, yule mwenye mshahara mdogo anayelea nyumba mbili. Akafanya nini? Akapunguza kutuma mara kwa mara, akawa anakusanya atume mara moja, akampa hela ndugu anayesafiri, akafunga bahasha akamkabidhi mtu wa basi. Wakala naye aliyekuwa anaishi kwa kamisheni akabaki anapiga miayo kibandani, wakati kwenye sheria hakutajwa kabisa. Septemba ile ile viwango vikashushwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata vikashushwa tena, na kuanzia Oktoba 2022 baadhi ya makato yakafutwa, mfano kutoka benki kwenda simu. Mkiambiwa watu wetu hawajui uchumi mkumbuke hilo, hawajasoma kozi yoyote ila waliihama kodi ndani ya wiki.

Kuhusu mfumuko wa bei nisiwachoshe. NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wanatoa kila mwezi, na kwenye kapu lao (orodha ya vitu wanavyopima bei) la mwaka wa kizio 2020, yaani mwaka wa kulinganishia, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Mama anayeuza vitumbua sehemu kubwa ya anachopata inaishia chakula, sasa mchele ukipanda yeye anaumia kuliko kapu linavyosema, na wewe ukimwambia mfumuko ni asilimia 3 atakuona mwongo. Hakuna aliyedanganya, kapu sio lake. Na tafadhali msiandike kwenye ripoti kwamba mfumuko umeshuka kwa hiyo vitu vimeshuka bei. Vimepanda taratibu zaidi, basi.

Bajeti ikisomwa Juni msikomee kwenye hotuba. Hotuba ina makofi, Sheria ya Fedha ina majedwali, na Julai mosi kinachoanza kukata ni jedwali. Kaa nalo, tafuta mstari mmoja tu unaougusa mtaa wako, mfuate mpaka dukani.

Dukani nako kuna namna ya kuuliza. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivuruga uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika, ikatoka bei elekezi ya rejareja, iliyopangwa na serikali, kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea kanda, huku mitaani kuna sehemu ilipita 4,000. Ukitumwa kukusanya bei kipindi kama kile na daftari lako na kitambulisho shingoni, ukamuuliza muuza duka sukari shilingi ngapi, atakusomea ya serikali au atakwambia imeisha tangu jana. Vua kitambulisho, toa hela, omba robo. Hiyo utakayolipa ndio uiandike, na risiti usiitegemee.